Mfano Ni Wapi

Omurushaka, Karagwe
Alhamisi, 14 Septemba 1995

Kaka yangu Theoneste,

Pokea shikamoo yangu kwanza, ile ya magoti kabisa, maana leo nina sababu ya kupiga magoti. Mguu unaendeleaje? Kidonda kimefunga au bado kinatoa maji? Na Mama, kifua chake kimetulia? Mwambieni aache kulala jikoni kwenye moshi. Najua hatasikia, lakini mwambieni hivyo hivyo. Kahawa ya kibanja cha chini mmeshaianika? Huku mvua imetangulia, kila adhuhuri watu wanakimbia kukusanya majamvi. Sisi hatujambo. Mke wangu Kokushubira anakuamkia. Malaria yangu imeondoka, imeniachia kizunguzungu na hasira, ingawa hasira unajua nilikuwa nazo tangu zamani.

Barua yako nimeipata. Shemeji Mukakalisa ameniletea kwa mkono wake Jumatatu jioni, aliposhuka kwenye basi la Kyerwa na kikapu chake, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anacheka. Kaka, tangu mkimbie vita mkavuka ule mto mwaka jana sijawahi kumwona akicheka. Sikujua hata kama ana mwanya. Yupo hapa kwangu, mzima, anakula, analala chumba cha mbele. Kwa habari ya safari yake ondoa wasiwasi.

Umeniandikia kwamba amesoma jina la binti yenu Uwimbabazi kwenye ubao wa kambi ya wakimbizi, jina la mtoto, la baba na la mama, na pembeni limeandikwa neno ambalo kila anayesimama pale amelijua hata kama Kiswahili chenyewe hakijui: amepatikana. Umesema juu ya karatasi palikuwa na maandishi MFANO 4, na kwamba mimi niliye karibu na wakubwa nimwonyeshe shemeji njia ya kwenda huko Mfano akamchukue mwanawe. Umesema wewe mwenyewe neno hilo lilikutatiza, maana Kiswahili tulikisoma pamoja pale Nkwenda tukiwa watoto, kabla hujahamia upande wa pili wa mto, lakini ukajiambia kama kuna mahali panaitwa Songambele, kwa nini kusiwe na mahali panaitwa Mfano. Labda ni kijiji kimojawapo cha mfano cha enzi za Ujamaa, na hiyo nne ni kitongoji. Niliposoma mstari huo niliweka barua chini. Hoja yako ni nzuri, Kaka. Mimi pia ningesema hivyo.

Nimemwambia shemeji asubiri kibali. Nimemwambia kituo cha watoto hakiingiliki bila kibali, kibali kinatoka Bukoba, na Bukoba kuna foleni. Hakuna kibali, Kaka. Hakuna anayekiandika wala anayekipiga muhuri. Usimwambie mtu chochote kabla hujaimaliza barua hii, na kama Mama yuko karibu, toka nje ukasomee kwenye migomba.

Kazi yangu unaijua kwa juujuu, basi nikueleze. Ofisi yetu inawatafutia wazazi watoto waliopotea, na watoto wazazi waliowapoteza. Majina yote yamo ndani ya kompyuta. Programu tunayotumia haiuzwi. Kuna watu ng'ambo wanaiandika na kuigawa bure, na ndani yake wameiacha wazi, kila mstari unasomeka. Ukiweza kuirekebisha, rekebisha, na ukisharekebisha, mpe na mwenzako. Jambo hilo lilinipendeza tangu siku ya kwanza, kwamba bado kuna watu wa namna hiyo. Kila wakiiboresha wanaipa namba mpya, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pamoja nayo huja disketi moja ya pembeni, mradi mdogo unaojitegemea, umejaa majina ya watu wasiokuwepo, ili anayejifunza aguse na kuharibu apendavyo bila kumdhuru mtu wa kweli. Huo mradi mdogo ndio unaoitwa Mfano.

Umeona sasa. Mfano si mahali. Pole, Kaka. Chukua muda wako.

Endelea kusoma lakini, maana hujasikia yote. Hapa ofisini nafanya kazi na Rwegoshora, Mhaya wa Kamachumu, mtu mpole, mwenye akili, anayeongea polepole mpaka unatamani kumsukuma. Programu ya nne ilipofika mwezi wa saba tuligombana. Mfano ulikuwa haujabadilika hata herufi moja, ila siku zote uliitwa kwa namba ya programu. Programu ikiwa ya tatu, nao ni Mfano 3. Rwegoshora akasema huo ni upuuzi, kitu kinachojitegemea kiwe na namba yake chenyewe. Mfano uanze na moja, na namba yake ipande siku ile tu wenyewe utakapobadilika. Mimi nikasema ng'o! Nikasema mwanafunzi akishika programu ya nne na Mfano wa kwanza atajuaje kwamba vinakwenda pamoja? Ataona ni kitu cha zamani. Rwegoshora akajibu kwamba ndani ya sanduku lilelile kuna disketi za orodha ya kweli, nazo zina hesabu yake, Orodha 1, Orodha 2, Orodha 3, na mtu asiyejua atazichanganya namba za aina mbili akadhani ni mfululizo mmoja. Nikamcheka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba Wahaya mnapenda kuhesabu hata msichokuwa nacho. Unaujua mdomo wangu.

Mkubwa wetu alikuwa amechoka siku hiyo, akasema fanyeni kama Polikarpi anavyotaka, tupumzike. Nikatoka pale kichwa kimevimba. Nikaandika Mfano 4 ndani ya kompyuta na kwenye karatasi mpya niliyobandika kwenye disketi, kisha nikachukua kalamu nene nikaandika ukutani, juu ya sanduku, kwa herufi kubwa: NAMBA KUBWA NDIYO MPYA, NDOGO FUTA. Disketi zetu ni chache, za zamani tunazifuta tuzitumie tena, ndiyo maana ya maneno hayo. Rwegoshora aliyasoma, akatikisa kichwa, akaenda zake kunywa chai.

Mwisho wa mwezi wa nane malaria ikaniangusha, nikalazwa Nyakahanga. Rwegoshora alikuwa amekwenda Bukoba kufuata mafuta ya jenereta. Mvua ikanyesha kambini ikachana orodha yote kwenye mbao. Na watu wale, Kaka, orodha ikikosekana hawaondoki. Wanakaa chini mbele ya mbao tupu wanazitazama. Kambini wakaita kwa simu ya upepo, wanataka nakala mpya upesi, gari liko njiani. Ofisini alikuwepo Renatha peke yake, binti wa mapokezi, ambaye tulimfundisha kuchapa na kufungua printa, basi. Akafungua sanduku. Akaona Orodha 3, akaona Mfano 4, akainua macho ukutani.

Alituambia baadaye, huku akilia, kwamba neno Mfano aliliona na lilimtia shaka. Alifikiri labda ni mfano wa orodha, yaani jinsi orodha inavyotakiwa kuonekana siku hizi. Lakini ukuta ulisema namba kubwa, na aliyeandika ukutani ni mtu mkali, asiyependa kuulizwa mara mbili. Ndivyo alivyosema, nami nilikuwa nimekaa hapohapo. Alichapa kurasa zote, gari likaondoka nazo, zikabandikwa. Majina yetu Wanyarwanda yanafanana, kwa hiyo watu kadhaa walijikuta humo. Mzee mmoja, Nsabimana, alitembea kwa miguu mpaka hapa kuulizia mke wake aliyepatikana, na sisi hatukumwelewa anasema nini mpaka alipotoa kipande cha boksi alichonakilia. Hapo ndipo tulipojua. Nilikuwa nimetoka hospitali siku hiyohiyo. Jamani, kumwona mzee yule akikunja kile kipande cha boksi na kukirudisha mfukoni, kama vile bado kinaweza kumsaidia! Rwegoshora alikwenda mwenyewe kambini kubandua, lakini shemeji alikuwa ameshasoma na kurudi kwenu Nkwenda.

Mkubwa alitaka kumfukuza Renatha. Nikasimama nikasema namba ni zangu na ukuta ni wangu, anifukuze mimi. Akasema tutazungumza, na mpaka leo hatujazungumza. Rwegoshora hakuniambia hata mara moja kwamba si alinionya. Heri angesema, tungegombana nikapumua. Alichukua chokaa akapaka ukuta ukawa mweupe, akakaa kwenye kompyuta akaupa Mfano namba yake wenyewe, moja, kama alivyotaka tangu mwanzo. Juu ya kila ukurasa akaandika kwa Kiswahili, kisha akaniomba nimwandikie kwa Kinyarwanda, kwamba watu hawa hawapo duniani. Nikaandika, Kaka. Mkono wangu huu.

Sasa nafika kwenye swali ambalo najua umekuwa nalo tangu ukurasa wa pili. Utasema, jina la mtoto kufanana sawa, akina Uwimbabazi wapo wengi. Hata jina la baba, sawa. Lakini mtoto, baba na mama wote watatu, katika mradi wa watu wasiokuwepo, inawezekanaje?

Niliandika mimi. Mfano ulipotufikia ulikuwa na majina ya Kizungu, na vijana tuliokuwa tukiwafundisha walikuwa hawaelewi hata lipi ni la mume na lipi la mke. Nikapewa kazi ya kuweka majina ya kwetu. Mengi niliyabuni tu, nikachanganya la huku na la kule. Nilipofika nafasi ya mtoto wa miaka mitano, sikubuni. Unakumbuka asubuhi ile mlipofika kwangu kutoka darajani Rusumo bila mtoto, wewe unarudia tu kwamba mama yake alikuwa amemshika, alikuwa amemshika? Siku ileile nilimwandika Uwimbabazi kwenye orodha ya kweli. Kuna nafasi moja inaitwa hali, na ndani yake yanaingia maneno mawili tu, anatafutwa au amepatikana. Nikaandika anatafutwa. Tangu hapo kila mwezi nafungua orodha, nalikuta neno lilelile, naifunga. Basi kwenye Mfano nikamwandika amepatikana. Hakuna aliyeniona. Nilifurahi, Kaka, sikufichi. Kila asubuhi kabla wenzangu hawajaingia nilikuwa naiweka ile disketi, natafuta jina lake, namtazama pale, amepatikana, halafu naanza kazi. Kuna siku nilimwamkia kabisa kwa sauti.

Na ile hoja yangu ya namba, eti mwanafunzi, eti vitu viende pamoja, Rwegoshora anaamini mpaka leo kwamba nilikuwa nawatetea wanafunzi. Nilikuwa najua sheria ya ofisi kwamba namba ndogo hufutwa. Mfano ungeitwa 1, siku moja mtu angeufuta apate disketi tupu, na mtoto angepotea tena. Nilitaka awe na namba kubwa kuliko zote. Nilifikiri hapo juu hakuna atakayemgusa. Ndiyo sababu nilipiga kelele vile mbele ya watu, na ndiyo sababu niliandika ukutani.

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Kokushubira. Yeye anaamini kabisa kuna kibali kinakuja. Jioni anakaa na shemeji uani, wanamenya ndizi, na shemeji anaonyesha lile gauni aliloshona, la kitambaa cha bluu. Unalijua. Amenieleza jinsi alivyolipima kwa mtoto wa jirani yenu mwenye miaka sita, kisha akaongeza upindo chini kwa sababu mwanawe ni mrefu, anafuata upande wetu. Mimi nikamsifia ushonaji.

Halafu kuna hili la kujifunza Kiswahili. Shemeji anasema mtoto amekaa mwaka na zaidi kwenye kituo cha watoto wa Tanzania, atakuwa amesahau Kinyarwanda, na hataki wakutane wasisikilizane. Kwa hiyo Kokushubira anamfundisha. Kaka, ana akili mno huyu mwanamke wako. Ndani ya siku mbili tatu anajua njoo, kaa, umekula, unaumwa wapi, usiogope. Anarudia maneno hayo wakati anafagia. Usiogope analitamka vibaya, anaweka g ya kwetu, na Kokushubira anacheka. Mimi natoka nje.

Leo asubuhi walikuwa jikoni nami nakunywa chai. Kokushubira alikuwa anamweleza namna ya kumwambia mtoto asogee. Akasema, kwa mfano, ukitaka aje karibu, unasema sogea hapa. Akaendelea, kwa mfano ukitaka aketi. Alisema neno hilo kama watu wanavyolisema, bila kujua. Shemeji hakurudia sogea. Aliacha kukoroga uji, akanigeukia mimi, si mwalimu wake. Siku zote tangu Jumatatu ameniuliza Mfano ni wapi, asubuhi na jioni, kwa Kinyarwanda, mpaka nikazoea kutazama pembeni. Leo aliniuliza kwa Kiswahili, vizuri, neno moja moja, Mfano ni nini.

Nikasema nimechelewa kazini. Nikachukua kofia nikatoka. Mimi huyu, Polikarpi, ambaye Mama alisema nitazikwa mdomo ukiwa wazi.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nataka kukuomba uje umwambie wewe, kwa kuwa ni mke wako na wewe una maneno ya taratibu. Nimefika hapa naona aibu. Mtoto wenu hajapatikana, Kaka. Wala sina habari yoyote nyingine juu yake, ya uzima wala ya kifo, na ningekuwa nayo ningekupa. Yumo kwenye orodha ya kweli na neno lake lilelile, nami nitaendelea kuifungua kila mwezi. Ila kwenye Mfano nimemtoa jana. Nilimfuta mwenyewe, nikaweka jina la kubuni, na Rwegoshora aliponiuliza kwa nini natoka nje nikasema ni moshi wa jenereta.

Barua hii anakuletea Zubeiri, yule mwenye duka karibu na kituo cha mabasi, anayekuja huko kununua maharage. Ukiipata, panda basi la Jumamosi hata kama ni kwa fimbo, mguu tutaupeleka Nyakahanga ukiwa huku. Mama mwambie tu unakuja kunisalimia kwa kuwa niliumwa. Mpe mkono kwa niaba yangu, na jirani Nyiransabimana msalimie, umshukuru kwa kumtoa mwanawe apimwe gauni, lakini usimweleze lolote. Kokushubira anasema mkija muache kubeba ndizi, tunazo.

Ukishuka usiende nyumbani kwanza. Pita ofisini nikuone, twende pamoja. Nitasema mimi, kwa Kinyarwanda, kila kitu, pamoja na nani aliyeandika. Akitaka kunipiga, mwache anipige. Wewe simama karibu yake tu, umshike.

Mimi mdogo wako,
Polikarpi